Ukifika Jama Masjid, Usigeuze Bajaji

Mfyuu! Mtu mzima na mvi zake kidevuni anakaa hapa kijiweni, kashata mkononi, anatutangazia kwamba India ni mambo mawili tu: hospitali na sinema. Nikamwacha amalize. Alipomaliza nikamuuliza, "Na Ahmedabad unaijua?" Akajibu, "Si ndiyo ile yenye uwanja mkubwa wa kriketi?" Hapo nilisonya msonyo wa dhati, mpaka muuza kahawa akainua birika akalikagua chini, akidhani linavuja.

Basi leo naomba nisikilizwe, na wa drafti watulie kidogo. Mimi mji huo nimeukanyaga. Sikwenda kutalii, nani ana hela ya kutalii. Nilimsindikiza mjomba kwenye matibabu, kama wanavyokwenda Watanzania wengi. Sasa mgonjwa akishaingia mikononi mwa madaktari, msindikizaji huna kazi. Unakaa kwenye benchi unatazama feni inavyozunguka. Dada mmoja wa pale akanionea huruma, akaniambia mjini kale kuna matembezi ya asubuhi, ya miguu, yenye kiongozi, yanaisha kabla jua halijawa kali. Nenda ukanyooshe mgongo.

Nikaenda. Ni matembezi mazuri, sitaki kuyasingizia. Ila yanakatika pale pale ambapo mtu mweusi alitakiwa ndiyo kwanza aanze kufungua macho. Tutafika huko, msinikimbize.

Kwanza muujue mji. Ahmedabad iko Gujarat, magharibi mwa India, kando ya mto Sabarmati. Aliyeuasisi ni Sultani Ahmad Shah, mwaka 1411. Wenyeji wanasimulia kwamba sultani alikuwa matembezini pale mtoni akamwona sungura anamfukuza mbwa. Nasema sungura ndiye aliyekuwa anafukuza, mbwa ndiye aliyekuwa anakimbia. Sultani akaona ardhi inayompa sungura ubavu wa namna hiyo ndipo mahali pa kujenga mji. Fundi viatu wetu akaguna, akasema hata mtaani kwake panya wanafukuza paka na hajatokea mtu kujenga ikulu. Haya, hilo nilimwachia.

Na msiniambie ni mbali. Gujarat hiyo, pamoja na Kutch yake, ndiko walikotoka mababu wa wengi wa Wahindi wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Vitambaa vya pamba kutoka bandari yake ya Khambhat vilikuwa vikivaliwa Kilwa na Malindi kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498. Hii milango ya Mji Mkongwe tunayopigia picha harusi, mafundi wa Kigujarati mkono wao umo. Ni majirani wa ng'ambo, bahari tu imekaa katikati.

Matembezi yenyewe yanaanza saa 2 asubuhi hivi kwenye hekalu la Swaminarayan, mtaa wa Kalupur, na yanaishia kwenye msikiti mkuu wa Ijumaa, Jama Masjid. Hekaluni mpaka msikitini, muda wa saa 2 na nusu. Yaliasisiwa Novemba 1997 na manispaa ya jiji pamoja na taasisi ya msanifu majengo Debashish Nayak, wakati ambapo wenye nazo walikuwa wakihamia ng'ambo ya mto na mji kale unabaki vichochoro vya kupita tu. Wakaanza hivyo hivyo, na kiongozi na kundi dogo, kila siku ya Mungu. Miaka 20 baadaye, 2017, UNESCO wakautia mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia, mji wa kwanza wa India kuingia. Delhi hapana, Mumbai hapana. Watu walitembezwa kwanza, cheti kikaja baadaye. Sisi hapa tunaanza na cheti, tunamalizia na semina, na posho ikishalipwa hakuna anayeukumbuka mji.

Hekalu ni la 1822, la kwanza kabisa la madhehebu yao. Haya ya Swaminarayan mnayoyaona Mombasa na Nairobi ni vitukuu vyake. Msaji wa Burma, nguzo zimechongwa na kupakwa rangi, njiwa wengi, unavua viatu, unatazama, unavaa, unaondoka. Ni zuri, lakini si hilo lililonitoa jasho.

Utamu unaanza mnapoacha barabara mkaingia kwenye pol. Pol ni mtaa mdogo wenye lango lake moja kubwa, kama kiwanja cha ukoo kilichozungushiwa nyumba. Ndani mnaishi watu wa jamii moja, au kazi moja, au dini moja. Usiku zamani lango lilifungwa, mlinzi akalala juu yake, kwenye kichumba. Mji ule ulipita kwenye mikono ya Wamughali na Wamaratha kwa vurugu nyingi katika karne ya 18, watu wakajifunza kufunga milango. Lakini wajanja hawakukosekana: pol moja na nyingine zimeunganishwa kwa vipenyo vya siri, mlango unaoonekana ni wa nyumba ya mtu, ukiupita unatokea mtaa mwingine kabisa. Tulipitishwa kimoja. Mzungu mmoja wa kundini, mrefu, alilazimika kuinama nusu nzima, na mwenye nyumba alikuwa amekaa hapo ndani anakunywa chai, hakushtuka hata kidogo. Kazoea. Kila asubuhi dunia nzima inapita sebuleni kwake.

Langoni pana ubao mweusi. Wa chaki, kama wa darasani. Nilisimama nikauliza kimeandikwa nini, kiongozi akasema ni tangazo la msiba: nani kafariki, mazishi saa ngapi, kikao wapi. Mbele kidogo kuna mnara mdogo wa nguzo moja, juu yake kibanda kilichochongwa, cha kuwekea nafaka za ndege. Wanaita chabutro. Wenyewe wanasema walipokata miti kujenga nyumba waliona ndege watakosa pa kukaa, wakawajengea. Dereva wa bajaji aliposikia hivyo akasema huku kwetu ndege wanajijengea wenyewe kwenye nguzo za umeme, na shirika likikata umeme wanabaki na giza lao. Tukacheka, tukaendelea.

Na kila nyumba ina otlo. Ni baraza lile lile la kwenu Pemba na Lamu: sakafu iliyoinuka mbele ya mlango, ya kukalia jioni. Nilimkuta mzee mmoja anapiga mswaki juu ya otlo lake, shuka kiunoni, taulo begani. Akatutazama sote na kamera zetu, akatema povu kwenye mfereji, akaendelea kusugua. Nikamsalimia kwa kichwa. Akaitikia kwa kichwa. Huyo ndiye mwenye mji, sisi tulikuwa tunapita.

Nyumba zenyewe ni mbao na matofali. Nguzo za msaji, mihimili ya msaji, katikati wamejaza matofali na chokaa. Ukiingia ndani unakuta uwa uliofunguka juu, mwanga unashuka, hewa moto inapanda, chini panabaki baridi bila kiyoyozi. Chini ya uwa ule, hapo unapokanyaga, kuna tangi la maji ya mvua lililochimbwa na kupakwa chokaa, wanaita tanka. Mvua ya kwanza ya msimu wanaiacha ioshe paa na mifereji, maji yale yanamwagwa. Kuanzia inayofuata ndiyo wanafungulia tangi. Mfuniko ni wa shaba. Kiongozi aliuinua, akatuachia tuchungulie: maji meusi, yametulia, hayana harufu. Watu wakanywa mwaka mzima kwenye mvua ya miezi michache. Hapa kwetu Dar mvua ikinyesha siku 2 barabara ya Jangwani inafungwa, ya tatu tunanunua maji kwa dumu. Mnh!

Kuna mmoja hapa, sitamtaja, kila nyumba ya kale kwake ni gofu la kuvunja. Sasa asikilize huyo. Tarehe 26 Januari 2001 Gujarat ilipigwa na tetemeko kubwa, chanzo chake huko Kutch. Ahmedabad iko mbali na pale, zaidi ya kilomita 200, lakini yaliyoporomoka mjini mengi yalikuwa magorofa ya zege, yale ya kisasa. Nyumba za mbao zilipata nyufa, ndiyo, lakini mbao inayumba na kurudi. Zege lililojengwa kwa kuibia nondo haliyumbi, linashuka. Nilipomtazama alikuwa anachezea kijiko.

Pale Lambeshwar ni Pol amekaa Dalpatram. Nasema amekaa kwa sababu sanamu yake imewekwa imeketi barazani, kimo cha mtu, kilemba kichwani, kitabu mkononi. Mshairi huyo wa Kigujarati alizaliwa 1820 akafariki 1898, na ndiye aliyemsaidia Mwingereza Alexander Forbes kukusanya masimulizi ya kale ya Gujarat. Nyumba yake haipo tena. Umejengwa upya uso wake wa mbele tu, naye akawekwa hapo nje. Watoto wa pale wanamkalia magotini. Wageni wetu wote walipanga foleni kupiga naye picha, mmoja akamkumbatia, mwingine akamwekea miwani ya jua. Nikasonya. Kiongozi akanitazama, nikaona naye anatamani kusonya ila mshahara haumruhusu.

Swali likaja kutoka kwa Mwalimu, mstaafu wetu, ambaye yeye haulizi mpaka awe na jambo: "Hizo nyumba, wenyewe bado wamo?"

Mwalimu amegusa kidonda. Wengi hawamo. Ukitembea unakuta mlango umechongwa maua, kufuli limeota kutu. Warithi wako 12, mmoja yuko Leicester, mwingine New Jersey, wa tatu hataki kuuza, wa nne hataki kukarabati. Nyingine zimegeuzwa stoo za maduka ya jirani: unatazama nguzo ya miaka 150, nyuma yake maboksi ya plastiki mpaka darini. Familia imehamia ng'ambo ya mto kwenye lifti na maegesho.

Sasa manispaa wamebuni kitu. Nyumba yako ikiwa kwenye orodha ya urithi huruhusiwi kuivunja na kupandisha gorofa 8. Lakini ile haki ya kupandisha gorofa, ambayo wewe huwezi kuitumia, unaruhusiwa kuiuza. Mjenzi wa ng'ambo ya mto anainunua, anaongeza sakafu kwenye gorofa lake huko, wewe unapata fedha za kukarabati nyumba ya babu yako. Hewa ya juu ya paa lako inauzwa, nyumba inabaki. Mwalimu alikaa kimya akifikiri. Kisha akasema, "Kariakoo tungekuwa nacho hicho, leo ungepata baraza la kukalia badala ya tofali hili." Tukatazama tofali tulilolikalia. Hakuna aliyebisha. Sidai mpango ule unaponya kila nyumba, maana kufuli zenye kutu nimeziona kwa macho yangu. Lakini angalau mtu aliketi akafikiri, hakukimbilia katapila.

Kutoka hapo njia inapinda na kupinda: mahekalu ya Kijaini ambayo nje ni mlango wa kawaida na ndani ni marumaru tupu, kisha Manek Chowk. Hapo asubuhi ni ng'ombe na majani tu. Watu wananunua majani wanawalisha ng'ombe kupata thawabu. Mchana ni dhahabu na fedha, masonara wamepangana. Usiku vibanda vya dhahabu vikifungwa, meza za chakula zinatandazwa uwanja mzima, na hapo nilirudi peke yangu, mjomba akiwa tayari kalala. Pav bhaji: mboga zimepondwa kwenye kikaango kikubwa cha bapa, siagi inatupwa bonge zima bila aibu, mkate unakaangwa pembeni. Dereva wa bajaji akauliza kama unashushia na bia. Nikamwambia Gujarat pombe ni marufuku tangu jimbo hilo liundwe 1960, labda uwe mgeni mwenye kibali. Akasema basi hiyo safari mimi niondoeni.

Uwanja huo una jina la mcha Mungu Maneknath. Kisa chake kinapendwa sana: mchana sultani anajenga ukuta wa mji, mchana huo huo Maneknath anafuma mkeka. Jioni anafumua mkeka, na ukuta unaanguka. Hakuupenda mradi, basi. Mradi ulipitishwa bila kumshirikisha. Walipomalizana naye mji ukaendelea, na uwanja ukabaki na jina lake. Nawashauri madiwani wetu wasikisome kisa hiki, watatupiga marufuku kusuka mikeka.

Halafu Jama Masjid. Jamani, pale nilinyamaza. Ulikamilika mwaka 1424, nguzo 260 za mawe ya rangi ya manjano, unaingia kati yake kama umeingia msituni jua likiwa limechuja. Ulikuwa na minara miwili mirefu, tetemeko la 1819 likaiangusha, zimebaki sehemu za chini zilizochongwa. Mbele ni uwanja mpana na birika la udhu katikati. Nguzo nyingi ukizitazama kwa makini unaona mkono wa mafundi waliozoea kujenga mahekalu: vikombe, kengele, maua ya yungiyungi, yote yamo, na imamu anaswalisha hapo hapo.

Kiongozi akasimama kwenye ngazi, akatushukuru, akasema tumefika mwisho. Watu wakapiga makofi. Bajaji za kijani na njano zikajipanga nje, kila mtu akaruka ndani ya yake akarudi hotelini kuoga.

Mfyuu!

Simlaumu kiongozi. Njia imepangwa, na imepangwa vizuri, na miguu ya wazee ina kikomo. Lakini mimi nilikuwa nimesoma kidogo kabla, nikajua nikigeuza pale nimefanya ujinga. Nikashika njia ya magharibi kwa miguu yangu.

Hatua chache tu unakutana na Teen Darwaza, lango la matao matatu lililokuwa njia ya sultani kutoka ngomeni kwenda msikitini. Sasa linapitwa na pikipiki, mikokoteni na wauza nguo za ndani. Kwenye tao moja kuna shimo, shimoni inawaka taa. Wanasema usiku mmoja Lakshmi, mungu wa Kihindu wa utajiri, alitaka kutoka mjini. Mlinzi wa lango, Mwislamu, akamwambia ngoja hapa nikaombe ruhusa kwa mfalme, usiondoke mpaka nirudi. Akaenda kwa mfalme, akamsimulia, kisha akajikata kichwa ili asirudi kamwe, na Lakshmi, kwa kuwa aliahidi kungoja, yuko mjini mpaka leo. Taa ile inamwakia yeye, na inayoitunza ni familia ya Kiislamu. Kisa ni kisa. Taa nimeiona, inawaka.

Lakini lango hilo lina kitu kingine, na hiki si kisa. Ni jiwe lenye maandishi la Oktoba 1812, enzi ya Wamaratha. Gavana Chimnaji Raghunath aliamuru binti apate haki yake katika mali ya baba bila kuzuiwa, na amri ikachongwa na kubandikwa njiani, watu wote wapite waione. Mwaka 1812! Nilipofika hapo mama ntilie, ambaye muda wote alikuwa anakaanga mihogo yake na kujifanya hasikii, aliweka mwiko chini.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Ukutani?"

"Langoni, dada. Jiwe."

Akawageukia wazee wawili wa drafti, ndugu wa baba mmoja, ambao kila mtu hapa anajua shamba la Mkuranga walilifanyia nini na dada yao alipata nini. Hakusema neno. Akachukua mwiko wake. Mmoja wa wale wazee akasogeza kete ambayo haikuwa zamu yake.

Ukivuka Teen Darwaza uko uwanja wa Bhadra, mbele ya ngome. Manispaa walitaka pawe mahali pa kutembea kwa raha, wakafunga magari, wakaweka sakafu. Machinga wakauona uwanja mpana, msafi, hauna magari, wakasema asanteni sana. Wamejaa. Na wanawake wauzaji wa Ahmedabad si wa kufukuzwa kwa virungu kirahisi, maana mji huo ndiko Ela Bhatt alikoanzisha SEWA mwaka 1972, chama cha wanawake wanaojiajiri, wauza mboga, wabeba mizigo, washona viraka, wenye kadi zao na benki yao. Mama ntilie akauliza kiingilio ni shilingi ngapi. Kwenye ngome pana mnara wa saa. Saa ilinunuliwa London mwaka 1849, ikafungwa mnarani 1878. Fundi viatu akasema, "Kumbe si sisi peke yetu."

Haya, sasa ndiyo tumefika. Unapita ngome, unatokea Lal Darwaja, makutano yenye kelele za mabasi na honi. Pembeni ya makutano hayo, kwenye kipande kidogo cha nyasi, kuna msikiti mdogo wa mawe. Hauna ukuu wa Jama Masjid, ukipita na basi unaweza usiuone. Huo ni msikiti wa Sidi Saiyyed. Sidi huyo alikuwa Mhabeshi. Mwafrika. Ulijengwa 1572 hadi 1573, na yeye alikuwa mtu wa Jhujhar Khan, jemadari wa sultani wa mwisho wa Gujarat.

Mwenye kashata akaacha kutafuna. "Mtumwa?"

Wengi waliingia India wakiwa watumwa, ndiyo, tusipambe. Walinunuliwa Uhabeshi na Pembe ya Afrika, wakapitishwa Bahari ya Shamu na Yemen, wakauzwa kwa majumba ya kifalme ya Gujarat na Dekani kwa sababu walisifika kwa vita. Lakini huko askari mtumwa alikuwa na ngazi ya kupanda. Aliyepigana vizuri alipewa kikosi, wa kikosi akapewa ardhi, wa ardhi akawa amiri, na amiri akajenga msikiti. Karne ya 16 Wahabeshi walikuwa wakiweka na kuondoa watu madarakani pale Ahmedabad.

Sasa madirisha. Ukuta wa nyuma na wa pembeni una madirisha 10 ya nusu duara, na yote ni mawe yaliyotobolewa, wanayaita jali. Mengine ni vimraba, kila kimraba na nakshi yake. Lakini mawili ya ukuta wa nyuma yana mti. Mti mzima: shina linapanda, matawi yanajikunja, yanapishana, yanapita juu na chini ya mengine kama ukili, majani na maua yamejaa katikati, na pembeni mnazi au mtende umesimama wima. Usogeze uso. Tawi halina unene wa kidole changu, na ni jiwe, na limekaa hapo miaka 450 likitikiswa na mabasi. Asubuhi ile nilikaa kwenye sakafu ndani, mwanga unapita matoboni, mzee mmoja anasoma Kurani, nje kondakta anaita abiria.

Katikati ya madirisha hayo mawili, pale ambapo ungetegemea la tatu lililo bora kuliko yote, pamezibwa kwa jiwe tupu. Novemba 1572 majeshi ya Akbar, mfalme wa Wamughali, yaliingia Ahmedabad, usultani ukafa, na inaelekea kazi haikumalizika. Baadaye Waingereza waliugeuza msikiti huo ofisi ya serikali. Ofisi! Makarani wakapanga majalada chini ya ule mti. Nilisonya peke yangu pale, na aliyekuwa anasoma Kurani akainua macho.

Mti huo leo ni nembo ya mji. Chuo cha uongozi cha Ahmedabad, kile maarufu kilichofunguliwa 1961, alama yake imetokana nao. Septemba 2017 waziri mkuu wao Modi alimleta Shinzo Abe wa Japani hapo hapo kuuona. Waziri mkuu wa Japani kafika. Mtanzania aliyeko hospitali dakika 20 kutoka pale anaangalia feni.

Na wenzake Sidi Saiyyed hawajaisha. Masidi, wazao wa Waafrika hao, wapo Gujarat mpaka leo, maelfu, Waislamu wengi, Kigujarati ndicho lugha yao. Kwenye kilima cha Ratanpur, upande wa Bharuch, kuna kaburi la walii wao Bava Gor, Mwafrika anayetajwa kuwa ndiye aliyeendesha biashara ya akiki pale. Wanakwenda kumzuru, wanapiga ngoma, wanacheza goma. Na shanga za akiki za huko zilikuwa zikisafirishwa pwani yetu karne nyingi; wachimbaji wa mambo ya kale wanazifukua Kilwa na kwenye magofu ya Shanga. Mtu kapelekwa kule, shanga zikarudi huku.

Mwenye kashata, na hapa namsifu, akauliza swali la maana kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani: "Sasa huyo ni Mhabeshi. Si Mmakonde, si Mzaramo, si wa kwetu. Sisi tunajidai na nini?"

Hatujidai. Nilimwambia hivyo. Sidi Saiyyed hatoki Temeke na sitamtafutia shangazi Temeke. Lakini kila mwezi kuna mtu wa hapa anapanda ndege kwenda India kumsindikiza mgonjwa, anarudi na viazi vya kukaanga na kumbukumbu ya foleni ya maabara. Kama ana asubuhi moja, basi aitumie. Ashike yale matembezi, yanafaa, asiyadharau. Wenzake wakiita bajaji pale Jama Masjid, yeye apite Teen Darwaza, avuke Bhadra, atoke Lal Darwaja. Mwendo wa kawaida hata nusu saa haifiki.

Mwenye kashata akatoa boksi la sigara. "Niandikie. Shemeji anampeleka mama mwezi ujao."

Nikaandika. Mwalimu akachungulia, akanipokonya kalamu. "Y ni mbili. Na usiandike Sidi tupu ukaishia hapo."

Hilo kweli. Karibu na stesheni ya treni kuna Sidi Bashir, msikiti wa Mhabeshi mwingine. Ulibomolewa vitani karne ya 18, umebaki mlango wa tao na minara miwili. Ukimtajia dereva Sidi tu, anaweza kukutupa huko. Minara hiyo ukiutikisa mmoja, mwenzake nao unatikisika baada ya kitambo kidogo, na daraja la katikati halitikisiki. Siku hizi wamekataza kupanda.

"Uongo," akasema mwenye kashata.

"Shemeji yako akaulize."

"Shemeji yangu hawezi kupanda ngazi, ana goti."

"Nimekwambia wamekataza kupanda!"

Muuza kahawa akasema wenye madeni walipe kwanza, ndiyo tubishane minara.